Kupanga apatimenti ya likizo Shangani, Mtwara: mwongozo kamili

Watu wanne, kila mmoja kwa wakati wake, wamenipigia simu wakiwa wamesimama na mabegi mbele ya geti huku Shangani. Wa kwanza alikuta nyumba aliyolipia ina watu ndani. Wa pili alifungua bomba likatoa upepo. Wa tatu kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa bahari haikuwepo: maji yalikuwa yamekupwa mpaka kule, limebaki tope na mwani, na watoto wanamwuliza mama yao bahari yenyewe iko wapi. Wa nne luku ilimkatikia saa tano usiku, na mwenye nyumba kazima simu.

Kosa lao lilikuwa moja. Walipanga apatimenti kwa akili ya hoteli. Hotelini kuna mtu analipwa ili akufikirie maji, umeme, gesi na mlango. Kwenye apatimenti mtu huyo ni wewe, tena kwa wiki nzima. Ukilikubali hilo tangu mwanzo, utapata jiko lako, vyumba vitatu, na jioni mnashuka ufukweni kupunga upepo na mji mzima, kwa gharama ambayo hotelini ingekupa vyumba viwili tu.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Usilipe kabla ya hatua ya nne.

## Vitu vya kuandaa

- Kalenda yenye tarehe za Kiislamu, ile ya ukutani inayogawiwa madukani. Utaona kazi yake sasa hivi.
- Bando la kutosha kupiga simu ya video kwa robo saa.
- Salio la pesa kwenye simu, pamoja na akiba ya luku.
- Yeboyebo kwa kila mtu, hata watu wazima. Kandambili hazifai, zinavuka na maji.
- Chandarua kwa kila kitanda. Mikoa yetu ya kusini ina malaria nyingi, na neti ya dirishani hailingani na chandarua.
- Kufuli lako mwenyewe.
- Tochi moja nzuri.
- Kisu kikali. Visu vya nyumba za likizo havikati hata nyanya.
- Ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko. Hizi nunua hapahapa sokoni.

## Hatua ya 1: Chagua wiki kwa kutazama mwezi

Wengi huanza na siku za likizo kazini. Anza na bahari, kisha uombe likizo.

Huku kwetu tofauti ya maji kujaa na maji kupwa ni kubwa; siku za bamvua, yaani za maji makubwa, inapita mita tatu. Penye maji ya kumfika mtu kifuani jioni, asubuhi yake akina mama wanatembea wakiokota chaza. Ukifika ufukweni saa isiyo yake utadhani umetapeliwa, kumbe hujatazama mwezi.

Kanuni ni hii. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15 za Kiislamu, jua na mwezi huvuta pamoja na tunapata bamvua. Katika siku hizo maji hujaa mnamo saa 10 mpaka 11, alfajiri na tena jioni, na hukupwa saa 4 mpaka 5 asubuhi. Tarehe 7 na 8, na tena 22 na 23, ni maji mafu: hayajai sana wala hayakupwi sana, na kujaa kwake huangukia asubuhi, kama saa 4. Kila siku inayopita, saa ya maji inasogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Sasa jiulize familia yako huogelea saa ngapi. Wenye watoto wengi hawatoki kabla ya jua kupoa. Hao wafike tarehe 12 ya Kiislamu na waondoke 18. Siku ya kwanza maji yatajaa kwenye saa 8 na nusu mchana, siku ya mwisho karibu na magharibi, na katikati yake utapata jioni mbili tatu za kukumbukwa. Kama nyie ni watu wa kuamka mapema na kuogelea kabla ya chai, chukueni siku za maji mafu.

Halafu msimu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Juni hadi Septemba ni kavu na kuna ubaridi kidogo, ila upepo wa kusi huvuma na mchana bahari huchafuka. Oktoba na Novemba mimi ndiyo miezi yangu, lakini kumbuka kuwa ndipo korosho zinauzwa. Mji unakuwa na hela, wanunuzi wanajaa, na nyumba nzuri zinawahiwa. Kwa miezi hiyo tafuta nyumba mapema.

Utajuaje umefaulu: una tarehe mbili mkononi, na unaweza kusema maji yatajaa saa ngapi siku utakayofika.

## Hatua ya 2: Uliza "karibu na bahari" maana yake nini

Kila tangazo husema nyumba ni hatua chache kutoka baharini. Hatua za nani? Tena bahari ipi? Mwambao wetu si mchanga mtupu. Kuna sehemu ni mikoko na tope, nzuri kwa kaa na mbaya kwa mtoto mwenye ndoo ya kuchezea. Kuna sehemu ni njia ya meli.

Usiulize umbali kwa mita. Mwambie aliyepo pale aanze kutembea getini, simu ya video ikiwa imewashwa, mpaka mguu wake ukanyage mchanga, na wewe hesabu dakika. Zikizidi kumi, jua kuwa mtakuwa watu wa bajaji, na hesabu yako ya gharama ibadilike.

Jambo la pili ni kelele. Wikiendi ufukwe wa Shangani una muziki, na muziki huo hauombi ruhusa. Mwenye kupenda sherehe achukue nyumba ya mstari wa mbele. Mwenye mtoto mchanga arudi nyuma mitaa miwili. Atasinzia vizuri na bei itapungua.

## Hatua ya 3: Ikague nyumba kwa video ya moja kwa moja

Picha usiziamini. Niliwahi kumtafutia nyumba shemeji yangu, dalali akaniletea picha nane: sebule nyeupe, pazia linapepea, minazi dirishani. Nikakaribia kutuma hela. Nikaikuza picha ya jikoni nione kama friji ni kubwa, ndipo macho yakaangukia soketi ukutani. Zilikuwa za matundu mawili ya duara. Soketi zetu hapa ni za miguu mitatu ya bapa. Nyumba ile ilikuwa nchi nyingine kabisa, sijui hata ni bara gani. Nilipomwuliza, alicheka, akasema hizo ni "picha za mfano".

Kwa hiyo video, na iwe ya moja kwa moja, si ya kurekodiwa. Mwombe mhusika afanye haya mbele yako, bila haraka:

1. Afungue bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, yaachwe yatiririke dakika moja. Bomba likianza kwa nguvu kisha likanywea, pampu ni mbovu au tenki liko tupu.
2. Avute maji ya choo, asubiri yajae tena.
3. Atoke nje akaonyeshe tenki, agonge pembeni kuanzia chini kwenda juu. Mlio ukibadilika unajua maji yameishia wapi.
4. Awashe kiyoyozi na kuweka kiganja mbele yake.
5. Aonyeshe mita ya luku na yuniti zilizobaki.
6. Afunge na kufungua kitasa cha mlango mkubwa mara mbili. Upepo wa chumvi hula vitasa. Nimeona mgeni analala nje huku funguo anao mkononi.
7. Apitishe simu kwenye neti za madirisha. Tundu la kupita kidole ni mlango wa mbu.

Usimwonee haya. Mwenye nyumba mkweli ataona unajua unachotaka, na mara nyingi hapo ndipo atakapokwambia mwenyewe kwamba maji ya mtaa yana mgao.

Suala la maji linastahili hesabu. Watu sita wanaooga mara mbili kwa sababu ya chumvi, wakapika na kufua, hutumia lita 400 na zaidi kwa siku. Tenki la lita 1,000 basi ni siku mbili na kidogo. Mgao ukichukua siku tatu, mmekwama. Uliza: tenki ni la lita ngapi, nyumba zinazolitumia ni ngapi, na likikauka analeta maji nani kwa hela ya nani? Jibu la swali la mwisho liandikwe kwenye meseji.

Uliza pia kama maji ni ya MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara, au ya kisima. Visima vya karibu na bahari vingine vina chumvi. Sabuni haitoi povu na chai inakuwa na ladha ya machozi. Si sababu ya kuikataa nyumba, ni sababu ya kununua maji ya kunywa na kupikia.

Utajuaje umefaulu: umeona bomba, choo, tenki, mita na kitasa vikifanya kazi, na ukimuuliza mwanao chumba kipi ni chake anaweza kukujibu.

## Hatua ya 4: Lipa kwa vipande

Tenga malipo katika sehemu tatu: kishika uchumba kidogo cha kushikilia tarehe, sehemu kubwa utakapokuwa umesimama sebuleni, na dipoziti ya uharibifu siku hiyohiyo. Kishika uchumba kisizidi robo. Anayetaka yote kabla hujaiona nyumba, mwache.

Kabla ya kubonyeza namba ya siri, simu itakuonyesha jina la anayepokea. Lisome. Likiwa si jina la uliyekubaliana naye, simama. Ataleta hadithi: laini ya mke wangu, laini ya kijana wangu, simu yangu imeharibika. Inaweza kuwa kweli. Basi mke au kijana huyo apige simu akutambulishe, na makubaliano yaandikwe kwa jina lake.

Kama una ndugu au rafiki Mtwara, mtume kwenye ofisi ya serikali ya mtaa akaulize nyumba ni ya nani. Mwenyekiti wa mtaa anazijua nyumba zake, na anawajua madalali kuliko wanavyojijua wenyewe. Huna mtu? Uliza jina la mwenyekiti kwa huyo anayekukodisha. Anayebabaika hapo hakai mtaa huo.

Dalali naye ana haki yake, ila muulize mapema analipwa na nani. Wengine huchukua kwa mwenye nyumba, kisha wakakudai wewe pesa ya kuonyeshwa, halafu asubuhi ya kuondoka wakakumbuka soda.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni kwenye WhatsApp: tarehe na saa ya kuingia na kutoka, idadi ya watu, bei yote, luku inalipwa na nani, gesi inalipwa na nani, dipoziti inarudi lini. Mistari sita inatosha.

## Hatua ya 5: Njiani

Kutoka Dar ni kama kilomita 560, lami yote. Basi la alfajiri hukufikisha jioni, na ndege ni saa moja hivi. Msimu wa mvua kubwa sikiliza habari za barabara kabla ya kukata tiketi. Mei 2024 mafuriko yalikata barabara Somanga na watu walilala njiani. Ukija kwa basi, mwambie mwenye nyumba utafika usiku, siyo jioni. Akikusubiri kuanzia saa kumi na moja, saa mbili atakuwa ameondoka na funguo.

## Hatua ya 6: Saa ya kwanza ndani ya nyumba

Watoto watataka bahari. Waambie wasubiri kidogo, kwa sababu hela yako kubwa bado unayo mkononi na hapa ndipo ina nguvu.

Rudia yote uliyoyaona kwenye video, safari hii kwa mikono yako. Piga picha kila chumba, hasa mikwaruzo, vioo vilivyopasuka na godoro lenye doa. Zitume kwa mwenye nyumba papo hapo, ili saa na tarehe vijiandike vyenyewe. Hiyo ndiyo kinga ya dipoziti yako.

Gesi: usitikise mtungi, utajidanganya. Mwagia maji ya moto kidogo ubavuni mwake, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Palipo na ubaridi ndipo gesi inapoanzia. (Wageni hushangaa kwamba mji wa gesi nao unabeba mitungi. Ya Mnazi Bay ni gesi nyingine, inakwenda kwenye mitambo ya umeme na kwa bomba mpaka Dar. Ya mtungi huja kwa meli kutoka nje ya nchi kama kwingine.)

Jaza zile ndoo mbili, funika, weka bafuni. Usizitumie. Ni za siku bomba litakapotoa upepo, ambayo itakuwa siku mna wageni.

Mwisho msalimie mlinzi. Mzee wa geti akiamkiwa shikamoo na kuulizwa habari za nyumbani, utajua maji yanatoka siku gani, nani anauza madafu kwa bei ya wenyeji, na fundi wa pampu ni yupi. Mgeni anayepita amekodoa macho kwenye simu haambiwi kitu.

Baada ya hapo lipa.

## Hatua ya 7: Luku, kabla haijakuumiza

Chukua namba ya mita siku ya kwanza, uihifadhi. Nunua mwenyewe, ukimtumia mwenye nyumba hela akununulie, tokeni itakuja akiamka.

Kwa bei ya matumizi ya kawaida, shilingi 10,000 hukupa yuniti 28 hivi. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja, kikiwaka usiku kucha, kinakula yuniti 6 mpaka 8. Maana yake chumba kimoja ni kama 2,500 kwa usiku. Vyumba viwili kwa siku saba, tenga 35,000 ya viyoyozi tu, kabla ya friji na pasi. Usiku wa Julai fungua dirisha lenye neti, hutakihitaji.

Kuna mtego unaowashtua wengi. Tangu Julai 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia luku, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa sasa ni 1,500 kwa mwezi. Ununuzi wa kwanza wa mwezi ndio unaobeba. Nyumba ikikaa miezi minne bila mtu kununua umeme, deni lote linakusubiri wewe uliyekuja kuogelea. Ukiona umelipa 10,000 ukapata yuniti chache ajabu, soma meseji yote, makato yameandikwa. Mtumie mwenye nyumba, na hela hiyo ipunguzwe kwenye malipo. Kodi ni ya mwenye nyumba.

## Hatua ya 8: Samaki wa siku

Nusu ya raha ya kuwa na jiko ni hii. Nenda Feri, soko la samaki, asubuhi mashua zinaporudi. Changu, tasi, kibua, ngisi na pweza ndio wa kila siku. Nguru na jodari kwa bahati. Usinunue kwa wa kwanza. Zunguka kwanza, sikiliza mnada, kisha mfuate mama anayeuza kwa fungu.

Jicho liwe limejaa na linang'aa, shavu la ndani liwe jekundu. Bonyeza tumbo. Samaki wa baruti, yaani aliyevuliwa kwa mlipuko, na huku kwetu balaa hilo tumelijua miaka mingi, tumbo lake linabonyea kama embe lililoiva sana, na ukimpasua utakuta damu imevilia ndani na mifupa imeachana na nyama. Huoza haraka. Mrudishe, bila ugomvi.

Walipe vijana wa kupaa samaki wafanye kazi hapohapo. Ukipaa jikoni kwenye nyumba ya watu, magamba utayaokota mpaka siku ya kuondoka, na harufu itakula dipoziti yako.

Ukipita sokoni msimu wake, uliza ming'oko. Hivyo ni viazi vya porini, vyembamba, vinachemshwa na kuliwa na chumvi. Watoto wa Dar huanza kwa kukunja uso na kumaliza sahani.

## Hatua ya 9: Baharini

Ingieni maji yakiwa yanajaa, si yanapokupwa. Yanapotoka yanavuta, na mtoto mwenye boya anasogea mbali kabla hujamaliza kunywa dafu.

Msiogelee karibu na Feri wala kwenye mlango wa bandari, kati ya Shangani na Msangamkuu. Pale pembamba bahari nzima ya ndani inapita ikiingia na kutoka, mkondo ni mkali, na ndipo meli zinapopita. Kwenda Msangamkuu pandeni kivuko. Ni safari fupi na watoto wanaipenda kuliko ufukwe wenyewe.

Maji yakikupwa, vaeni yeboyebo na mtembee taratibu mkiburuta nyayo. Samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani na hukimbia akisikia mtikisiko. Akikanyagwa ndipo anapochoma. Kwenye mawe kuna vile viumbe vyeusi vya miiba mirefu. Mwiba ukivunjikia mguuni, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, haiko mbali na Shangani. Msichokonoe kwa pini.

Mkitaka mchanga mweupe wa kwenye picha, tengeni siku moja ya Msimbati, zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini. Ni ndani ya hifadhi ya bahari, kuna ada ya kuingia, na gari dogo linaweza kunasa kwenye mchanga. Bebeni maji na chakula.

## Hatua ya 10: Kurudisha funguo

Mabasi ya Dar huondoka gizani, na hakuna mwenye nyumba atakayeamka saa tisa usiku kukurudishia dipoziti. Makabidhiano yafanyike jioni ya kuamkia safari. Tembeeni chumba kwa chumba, mkilinganisha na picha za siku ya kwanza, na hela irudi mkiwa mmesimama hapohapo sebuleni. "Nitakutumia kesho" ikubali pale tu ambapo imeandikwa kwenye yale makubaliano.

Piga picha ya mita. Toa takataka zote, hasa za samaki. Acha madirisha yamefungwa, maana upepo wa usiku huleta mchanga mpaka kitandani, na asubuhi mchanga huo utakuwa wako.

Ndoo mbili mwachie mzee wa geti, na umwombe akuitie bajaji usiku huohuo, ya mtu anayemjua.